Barua ya wazi kwa Bunge na Wizara ya Afya: jambo la uhai haliwezi kuendeshwa kwa waraka

Kwa:
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kitaifa,
Mheshimiwa Spika wa Seneti,
Waheshimiwa Wenyeviti wa Kamati za Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: SHERIA YA UAVYAJI MIMBA NA MJADALA UNAOIHUSU

Kwa heshima nawasalimu. Mimi ni mkunga mstaafu na Mkatoliki mlei wa Jimbo la Malindi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha katika vyumba vya kujifungulia vya Kaunti ya Kilifi, katika vituo vya serikali na vya misheni. Siandiki kwa niaba ya Maaskofu wala ya chama chochote; nasema yaliyo yangu, kama raia na kama muumini. Njia za kawaida nimekwisha kuzifuata. Niliandikia ofisi moja ya umma ambayo sioni haja ya kuitaja, barua ikapigwa mhuri wa kupokelewa, na tangu hapo ni kimya. Niliomba kuonana na mhusika, nikaahidiwa kikao, kikaahirishwa bila kupangiwa siku nyingine. Jambo lenyewe ni la nchi nzima na halistahili kuishia kwenye faili, kwa hiyo nimeamua kulileta mbele yenu na mbele ya wananchi kwa wakati mmoja.

Ninalolilalamikia ni hili: tangu Katiba izinduliwe tarehe 27 Agosti 2010, Bunge la Kenya limekwepa kutunga sheria inayosema waziwazi jinsi mtoto aliye tumboni anavyolindwa, na ni lini hasa, kwa utaratibu gani na kwa uamuzi wa nani mama anaweza kupewa matibabu yatakayokatisha mimba. Pengo hilo limejazwa na nyaraka za wizara, kesi za mahakamani, misako ya polisi na miradi ya wafadhili. Ninaamini, pamoja na Kanisa langu, kwamba uhai wa binadamu ni wa kuheshimiwa tangu mimba inapotungwa. Lakini hata asiyeamini hivyo atakubali kwamba jambo zito kiasi hiki halifai kuamuliwa mahali ambapo mwananchi hana sauti. Naeleza malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Katiba imenena, na sheria zilizo chini yake zinapingana nayo.

Kifungu cha 26(2) cha Katiba kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kifungu cha 26(4) kinasema kuavya mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au iwapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wakatoliki wengi tulipiga kura ya La katika kura ya maoni kuhusu Katiba tarehe 4 Agosti 2010 kwa sababu ya maneno hayo, tukashindwa, na matokeo tukayapokea. Siifufui kura ile. Nasema tu kwamba waliopiga Ndiyo na waliopiga La walikuwa na haki ya kutarajia jambo moja, kwamba Bunge litakaa lieleze maneno hayo yanatekelezwaje.

Badala yake tumeachiwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, tuliyorithi kutoka kwa Waingereza. Kifungu cha 158 kinampa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kifungo cha hadi miaka 14, cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na cha 160 kinampa aliyetoa dawa au vifaa hadi miaka 3. Cha 240 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Na cha 214 kinasema mtoto huhesabika kuwa mtu anayeweza kuuawa pale tu anapokuwa ametoka kabisa mwilini mwa mama yake akiwa hai. Kisomeni hicho cha 214, kisha mrudi kwenye 26(2). Sheria kuu ya nchi inasema mtu yupo tangu mwanzo. Sheria ya jinai inasema hayupo mpaka azaliwe. Muuguzi aliye zamu saa nane za usiku anatakiwa kutii ipi?

Kwa mkunga swali hili si la vitabuni. Kina mama waliohudhuria kliniki wanakijua kile kidude cha mbao, mfano wa tarumbeta ndogo, tunachokiweka tumboni na kukitegea sikio. Kufikia mwezi wa tano mapigo ya moyo wa mtoto huanza kusikika, ya haraka kupita sana ya mama. Mara nyingine nilimwita mume au mama mkwe aliyesindikiza, naye asikilize, na nilimwona akinyamaza ghafla na kuomba asikilize tena. Moyo ule si wa mama. Mwenye moyo ule aweza kuwa wa jinsia nyingine na wa kundi jingine la damu, na alikuwapo kabla ya mimi kupata namna ya kumsikia. Hilo si fundisho lililotungwa na Kanisa. Ni jambo ambalo mwanafunzi wa ukunga hulijifunza darasani. Kanisa linaongeza sentensi moja tu, kwamba binadamu asiye na hatia hauawi kwa makusudi, awe mkubwa au mdogo, na sentensi hiyo sidhani kama kuna Mheshimiwa anayeikataa.

2. Nyaraka zimechukua nafasi ya sheria.

Septemba 2012 wizara iliyosimamia huduma za matibabu ilitoa viwango na miongozo ya kupunguza vifo na madhara yatokanayo na uavyaji mimba usio salama. Desemba 2013 miongozo hiyo ikaondolewa kwa barua. Mwaka uliofuata ukatoka waraka wa kuwaonya wahudumu wa afya wasihudhurie mafunzo ya uavyaji mimba. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha mawakili wanawake cha FIDA Kenya na wenzao, wakaamua kwamba kuondolewa huko kulikuwa kinyume cha sheria. Hapo tulipewa barua, tukapewa barua nyingine, kisha barua zote mbili zikapelekwa kwa majaji, na katika safari hiyo yote wawakilishi wa wananchi hawakuulizwa neno.

Nyuma ya kesi hiyo kulikuwa na msichana wa Kisii aliyenajisiwa mwaka 2014 akiwa bado mtoto, akatolewa mimba kienyeji, figo zake zikaharibika, akafariki mwaka 2018. Alidhulumiwa na aliyemnajisi. Akadhulumiwa na aliyechukua fedha akamtoa mimba bila ujuzi. Na akadhulumiwa na taifa ambalo, miaka minne baada ya kupitisha Katiba, lilikuwa bado halijamwambia muuguzi wa kituo cha karibu afanye nini. Sikubaliani na majaji walipofikia hitimisho kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kukatishwa kwa sababu ya afya katika upana wake wote, maana mtoto aliyetungwa kwa ubakaji hana kosa lililofanywa na baba yake. Lakini siwezi kumtumia binti yule kama hoja ya upande wangu, na nawaomba wa upande wa pili nao wasimtumie. Alihitaji nchi iliyojipanga, na hakuipata.

Machi 2022 Mahakama Kuu ya hapa Malindi nayo ilitoa hukumu katika kesi ya msichana wa kaunti yetu na mhudumu wa afya aliyemtibu, ikasema huduma ya uavyaji mimba ni haki inayolindwa na Katiba. Mahakama zina ngazi zake, na yaliyo ya mawakili nawaachia mawakili. Langu ni kuuliza kwa nini majaji wanaachiwa kazi ambayo Katiba imewapa nyinyi. Mswada wa Huduma za Afya ya Uzazi wa 2014 haukupita. Wa 2019 ulioletwa Seneti nao haukupita. Baadhi ya wenzangu walishangilia. Mimi niliupinga mswada wa 2019 jinsi ulivyoandikwa, na hata hivyo sikushangilia ulipoanguka, kwa sababu kuuangusha mswada mbovu bila kuleta ulio bora kulituacha palepale tulipokuwa: kwenye nyaraka.

3. Kinga ya "afya" haina mpaka.

Mahali ambapo Bunge liligusa jambo hili ni katika Sheria ya Afya ya 2017. Sheria hiyo inaeleza afya kuwa hali ya ukamilifu wa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kutokuwa na ugonjwa tu. Katika sera za maji safi, lishe na makazi, maelezo hayo ni mazuri, na ndiyo yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani. Yakifanywa kipimo cha kukatisha uhai wa mtu mwingine, hayaachi mimba yoyote nje. Ni mjamzito gani asiyesumbuliwa na kodi ya nyumba, karo ya watoto wengine au mume aliyekatika mawasiliano? Wote hao, kwa kipimo hicho, afya zao ziko hatarini. Katiba ilisema "hairuhusiwi isipokuwa". Tukifuata tafsiri hii, hiyo "isipokuwa" inameza katazo lote.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu Kanisa husingiziwa kwamba linataka mama afe ili mtoto apone. Mafundisho ya Kanisa hayasemi hivyo na hayajawahi kusema hivyo. Mama mwenye saratani ya kizazi anatibiwa saratani yake, hata ikijulikana kwamba mtoto hatapona. Mimba ikitunga kwenye mrija, mrija ulioharibika unaondolewa. Mama anayevuja damu anasimamishwa damu, anaongezewa damu, anapelekwa chumba cha upasuaji bila kusubiri padre wala wakili. Katika hali hizo daktari anautibu mwili wa mama, na kifo cha mtoto ni msiba usiokusudiwa. Kinachokataliwa ni kumlenga mtoto mwenyewe kama ndiye ugonjwa. Tofauti hiyo inaweza kuandikwa katika sheria kwa lugha ya kitabibu, bila neno hata moja la katekisimu, na mkunga yeyote mwenye uzoefu ataielewa.

4. Hesabu hazitolewi hadharani.

Kifungu cha 6 cha Sheria hiyo ya Afya kinataka kesi ambazo mimba imehatarisha maisha au afya ya mama zihesabiwe miongoni mwa hali zinazopaswa kutolewa taarifa. Basi tupewe taarifa: kesi ngapi kwa mwaka, katika kaunti zipi, kwa sababu zipi za kitabibu, mama wangapi walipona. Hadi leo mjadala unaendeshwa kwa makadirio. Utafiti uliotolewa mwaka 2013, ambao Wizara ilishiriki, ulikadiria kwamba mwaka 2012 palikuwa na uavyaji mimba takriban 465,000 nchini. Nambari hiyo imetajwa na kila upande, wangu na wa wapinzani wangu, na kila mmoja akiitumia kuthibitisha alichokuwa anaamini tangu zamani.

5. Dhamiri ya mhudumu inachukuliwa kuwa utovu wa nidhamu.

Kifungu cha 32(4) cha Katiba kinasema mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Wodini mambo si hivyo. Muuguzi mmoja niliyefanya naye kazi, katika kituo ambacho sitakitaja, alieleza kwa adabu kwamba hawezi kushiriki katika kukatisha mimba isiyo ya dharura. Hakugombana na mtu. Baada ya muda mfupi jina lake lilihamishwa kwenye ratiba, na orodha ya wanaokwenda mafunzoni ilipobandikwa hakuwamo. Alipouliza aliambiwa dini aiache nyumbani. Wapo wengi kama yeye, Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, na kwa kuwa hakuna kanuni iliyoandikwa ya namna mhudumu anavyojitoa, kila msimamizi hujiamulia.

Nikiwa napo hapo niwaambie wenzangu wa taaluma, kwa upendo: dhamiri haimpi mtu ruhusa ya kumwacha mgonjwa. Msichana aliyetoa mimba akaja anavuja damu ni mgonjwa wako kama wengine wote. Nimesikia wahudumu wakimwita majina mbele ya wagonjwa wengine huku akitetemeka kitandani, wengine wao wakiwa na rozari shingoni. Jambo hilo ni dhambi, na linawafanya wasichana waogope hospitali mpaka wamechelewa.

6. Wanaofungwa ni maskini, wanaofaidika wako huru.

Usiku mmoja nilipokea msichana wa kidato cha pili aliyeletwa kwa boda boda, kakalishwa katikati ya dereva na shangazi yake, leso mbili zimelowa. Shangazi alikuwa ameshika kipande cha gazeti kilichofungiwa vidonge. Vilikuwa vimebaki viwili, havina jina, havina maelezo, vimenunuliwa kwenye duka la dawa karibu na stendi kwa mtu ambaye hakuuliza hata mimba ni ya miezi mingapi. Dawa hiyo mimi naijua na ninaiheshimu. Ikitumiwa inavyotakiwa huokoa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Tulimtundikia maji, tukamsafisha, akapona. Alipopata nguvu ya kusema aliuliza karo ya muhula ule italipwa na nani, kwa kuwa aliyempa mimba ndiye aliyekuwa akimlipia, na ndiye aliyetoa fedha za vidonge.

Kwa sheria ya sasa, mtu rahisi kukamatwa katika kisa kile ni yule mtoto. Mwanamume hakuonekana. Muuzaji alifungua duka asubuhi. Hapa nasema maoni yangu, nikijua kwamba waumini wenzangu wengine wanaona vingine: sheria lazima iendelee kutamka kwamba kuua mtoto tumboni ni kosa, lakini kumpeleka gerezani msichana aliyesukumwa hakumlindi mtoto yeyote. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995 kuhusu uhai, alikumbusha kwamba hatia mara nyingi ni ya baba wa mtoto, ya familia na ya wanaonufaika, akazungumza na wanawake waliotoa mimba kwa maneno ya huruma, si ya kuwahukumu. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kudumu ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu. Kama Kanisa limefungua mlango kiasi hicho, Bunge nalo laweza kuelekeza adhabu kali kwa wanaouza, wanaolazimisha na wanaobaka, na kumpa msichana njia nyingine isiyo seli.

7. Mama anaambiwa azae, kisha anaachwa peke yake.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo linalotufanya sisi tunaotetea uhai tuonekane waongo. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Samburu ilikuwa asilimia 50. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, na miongozo yake mipya ilitolewa 2020. Lakini msichana aingie nayo shule ipi? Mwalimu mkuu anaweza kukubali kwa mdomo, kisha akaeleza kwamba bweni limejaa. Mtoto mchanga analelewa na nani saa za masomo? Nyanya yake anachoma mahamri asubuhi na kuuza mboga jioni.

Uzazi wa bure ulianza Juni 2013, ukaendelezwa kwa mpango wa Linda Mama, kisha Oktoba 2024 ukahamishiwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Msichana ambaye bado anamtegemea mzazi, na mzazi huyo amemfukuza, anapofika dirishani na tumbo la miezi minane anategemea huruma ya karani. Hospitali za misheni, ambazo kwa vijiji vingi ndizo za karibu, Maaskofu wamelalamika hadharani kwamba hazijalipwa madeni ya NHIF, mfuko wa bima ya afya uliotangulia, na ya SHA. Hospitali isiyolipwa hupunguza wauguzi, na wodi ya kwanza kuumia huwa ya uzazi. Mheshimiwa anayesimama kwenye mazishi na harambee kusema yeye anatetea uhai, naomba aulizwe alipiga kura gani kwenye bajeti.

Kanisa nalo lina deni lake. Yapo makao machache yanayopokea wasichana wajawazito, yanayoendeshwa na masista kwa taabu kubwa, na ni machache mno. Nimeyasema hayo parokiani na nitaendelea kuyasema huko. Barua hii ni yenu.

8. Tunanyimwa nafasi katika mjadala kwa kuitwa watu wa dini.

Kila jambo hili linapozungumzwa, Mkatoliki huitwa mwishoni, apewe dakika mbili aseme "msimamo wa Kanisa", kisha wataalamu waendelee. Sisi ni madaktari, wakunga, mawakili, walimu na walipa kodi. Hatuombi sheria iwazuie Wakenya kula nyama Ijumaa Kuu wala iwalazimishe kwenda Misa. Tunaomba sheria imlinde binadamu asiyeweza kujisemea, na sababu tunazotoa zinaweza kupimwa na mtu yeyote, wa dini yoyote au asiye na dini. Novemba 2019 serikali yetu ilikuwa mwenyeji mwenza wa mkutano mkubwa wa Nairobi kuhusu idadi ya watu na maendeleo. Makao Makuu ya Papa yalikataa kushiriki, Maaskofu wetu wakapinga mwelekeo wake, na ahadi zikatolewa kwa jina la Kenya bila kwanza kujadiliwa Bungeni. Kadhalika, Kenya iliporidhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, mwaka 2010 ilitangaza kwamba haitafungwa na kifungu cha 14(2)(c) kinachohusu uavyaji mimba. Tangazo hilo lisiondolewe kimyakimya.

Najua baadhi ya majibu yatakayotolewa. Litasemwa kwamba sheria kali haizuii uavyaji mimba bali huuficha. Ni kweli kwamba sheria peke yake haizuii, na ndiyo maana nimeandika kirefu kuhusu mama kuliko kuhusu jela. Lakini hatujawahi kufuta sheria ya ubakaji kwa sababu ubakaji unaendelea. Litasemwa kwamba wanawake watakufa. Wanawake wanakufa sasa, kwa kuvuja damu, kwa kifafa cha mimba, kwa kukosa gari la wagonjwa, na wengi wao walitaka watoto wao. Damu ya akiba hospitalini itawaokoa hao na itawaokoa pia waliomeza vidonge vya stendi. Litasemwa kwamba hata Wakatoliki wanatoa mimba. Wanatoa, nimewahudumia, na wengine wamelia mikononi mwangu miaka baadaye. Hilo linatudai huruma, halibadilishi ukweli kuhusu mtoto. Na litasemwa kwamba suala hili linagawanya watu, tungoje baada ya uchaguzi. Tangu 2010 tumepita chaguzi kadhaa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo. Bunge lilete mswada unaohusu Kifungu cha 26 peke yake, usiofichwa ndani ya mswada mwingine wa afya, na ushirikishwaji wa umma unaotakiwa na Kifungu cha 118 ufanyike katika kaunti zote, kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, pamoja na siku za kuwasikiliza wakunga na kina mama wenyewe. Mswada huo uoanishe Kanuni ya Adhabu na Katiba, ueleze hatari kwa mama kwa vigezo vya kitabibu vinavyopimika, utake maoni ya wataalamu wawili yaliyoandikwa pale ambapo hakuna dharura, na uweke wazi kwamba hakuna mhudumu atakayeshtakiwa kwa kuokoa maisha ya mama. Uweke utaratibu wa mhudumu kujitoa kwa ajili ya dhamiri bila kupoteza kazi, na umlazimishe kumhudumia kila mgonjwa wa dharura. Uelekeze adhabu kwa wanaofanya biashara na wanaowashinikiza wasichana.

Kwa Wizara ya Afya naomba takwimu za Kifungu cha 6 cha Sheria ya Afya zichapishwe kila mwaka, Bodi ya Famasia na Sumu ifuatilie dawa hizi zinavyouzwa bila cheti cha daktari, hospitali za misheni zilipwe zinachodai, na msichana mjamzito aliye chini ya miaka 18 asajiliwe SHA kwa jina lake mwenyewe na ahudumiwe bila malipo hadi mtoto atimize mwaka mmoja. Kwa Mwanasheria Mkuu naomba asiruhusu tangazo la Kenya kuhusu Itifaki ya Maputo kuguswa kabla Bunge halijajadili.

Niko tayari kufika mbele ya kamati yoyote, kwa nauli yangu, kuulizwa maswali na kuyajibu. Anwani yangu mnayo katika barua ya kwanza, ile iliyopigwa mhuri.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mkunga mstaafu,
Mlei Mkatoliki wa Jimbo la Malindi,
Kaunti ya Kilifi.

Nakala: Wabunge na Seneta wa Kaunti ya Kilifi, Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya.